Jalada la Bi Kidawa

Hapo zamani, wala msikae mkisubiri sungura, maana humu hamna sungura wala fisi. Zamani ninayoisema ni ya juzi juzi tu, zama ambazo mtu akitaka kujua filamu imeishaje hupanga foleni dirishani, na aliyekosa tiketi hungoja mwisho wa mwezi anunue jarida asome. Wenye mvi mnaikumbuka. Nyie wengine nyamazeni, mtauliza baadaye.

Mjini Tanga palikuwa na jarida la filamu likiitwa Pazia. Lilitoka mara moja kwa mwezi, Ijumaa ya kwanza, adhuhuri, watu wakitoka msikitini. Ukiliona lilivyong'aa ungedhani limetengenezwa na jeshi la watu. Wapi! Walikuwa wanne.

Wa kwanza ni Hiza Semkiwa, mhariri, ambaye ndiye aliyelianzisha, na wenziwe wakimwita Mwalimu. Yeye aliingia sinema, akaangalia filamu moja hata mara tatu, akarudi ofisini akaiandika kwa Kiswahili ambacho bibi yako asiyejua Kihindi wala Kiingereza angekisoma akatokwa na machozi.

Wa pili ni Mzamilu, mpanga kurasa. Vitendea kazi vyake vilikuwa wembe, rula ya chuma na kopo la gundi. Maneno yakishapigwa chapa, yeye huyakata vipande, akayabandika juu ya karatasi ngumu, picha hapa, kichwa cha habari pale, akarudi nyuma hatua mbili, akakunja uso, akabandua vyote akaanza upya. Mtu wa kubandua huyo! Mkewe alisema hata sahani za chakula huzipanga mara tatu.

Wa tatu ni Mzee Gulam, mchapaji, mwenye mashine. Jalada la rangi lilipita kwenye mashine ile mara nne: kwanza njano, kisha nyekundu, kisha buluu, mwisho nyeusi. Kila rangi lazima ikauke kabla ya mwenziwe kuja juu yake. Ukiharakisha, zinachanganyika, unapata uso wa shetani.

Wa nne ni Mwanahawa, msoma prufu. Prufu ni ile karatasi ya majaribio inayotolewa kabla ya kuchapa nakala zote, ili makosa yakamatwe mapema. Mwanahawa alikuwa na macho ya kunguru. Hakuna kosa lililompita.

Kila nyumba ina mwiko wake, na Pazia lilikuwa na wake: mwenye sura haoni kabla ya msomaji. Ukiandikwa humo, ukipigwa picha humo, huonyeshwi kitu mpaka jarida liwe barabarani. Huonyeshwi picha, huonyeshwi prufu, hata jirani yako haonyeshwi. Mwiko huo aliuweka Hiza mwenyewe. Mwaka wa kwanza alimwonyesha mwigizaji mmoja kurasa zake kwa heshima tu, na yule bwana akakaa na kalamu. Hapa ondoa, hapa ongeza, hapa sema mimi ni mrefu. Jarida likatoka limekuwa barua ya bwana yule ya kujisifu, wasomaji wakacheka mwezi mzima. Toka siku ile Hiza akasema basi. Na wote wakaushika mwiko ule kama swala.

Sasa tuje kwa Bi Kidawa.

Bi Kidawa alikuwa mpika vitumbua wa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili. Miaka mingi nyuma walikuja watu wa filamu na kamera zao, wakamwona akichota maji bombani, wakamwambia, "Mama, hebu geuka tena hivyo." Akageuka. Wakamweka katika filamu, awe mama anayemsubiri mwanawe kituo cha reli. Mwana haji. Treni inakuja, inaondoka, mama anageuka na ndoo yake mkononi. Basi. Ni dakika chache, lakini nakwambieni, mji mzima ulilia. Wanaume walitoka sinema wakijifanya wameingiwa na vumbi.

Mji mzima ulimwona, isipokuwa mtu mmoja. Bi Kidawa mwenyewe hakujiona. Wiki ile filamu ilipoletwa Tanga, mumewe alifariki, naye akakaa eda. Miezi minne na siku kumi hakutoka nje. Alipotoka eda, filamu ilikwisha ondoka, na haikurudi tena. Watu wa kamera walikwenda na picha zao zote. Akarudi kwenye vitumbua vyake. Kila mtu barabarani alimwambia, "Bi Kidawa, ulituliza sote!" Naye akajibu, "Nyie mna bahati, mmemwona. Mimi huyo mama simjui."

Miaka ikapita. Bi Kidawa akaugua, akalazwa, na madaktari wakamwambia kaka yake, Mzee Mbaruku, maneno yale wanayosema wakiwa wanatazama dirishani. Mwanahawa, msoma prufu, alikuwa mtoto wa mdogo wake Bi Kidawa, alimwita Mama Mkubwa, na ni yeye aliyezileta habari ofisini.

Hiza akaweka kalamu chini. Akasema, "Miaka kumi na mitano tumeweka majaladani watu wa ng'ambo. Wenye nywele za kuteleza wote tumewamaliza. Safari hii jalada ni Bi Kidawa."

Akaandika barua kwa wale waliotengeneza filamu, akaomba picha hata moja. Ikaja moja. Ni pale pale, anageuka, ndoo mkononi. Hiza akaenda hospitali kumwambia.

"Mama, toleo lijalo jalada ni lako."

Bi Kidawa akacheka mpaka akakohoa. "Mimi? Nikae pale wanapokaa mabibi wa Bombei?"

"Pale pale."

"Na ni ile ya kwenye filamu? Si picha ya kitambulisho?"

"Ile ya kwenye filamu."

Bi Kidawa akajiinua kidogo kitandani. Kisha akasema, "Mwanangu Hiza, basi nitamwona yule mama. Linatoka lini?"

"Ijumaa ya kwanza ya mwezi, inshallah."

"Ijumaa nitakuwepo. Mwambie Izraili asije kabla ya Ijumaa."

Mnasikia? Mtu hakuomba dawa, hakuomba kuongezewa miaka. Aliomba Ijumaa. Na mimi ninayesimulia nawaambieni mapema, roho yangu inauma kila nikifika hapa, lakini lazima niendelee.

Jumanne ya wiki ile kurasa zilikuwa tayari. Hiza akaketi kuzisoma mara ya mwisho. Akasoma makala aliyoyaandika mwenyewe juu ya Bi Kidawa. Akasoma mara ya pili. Akaona aibu. Alikuwa ameyaandika akiwa na huzuni, na huzuni ikamwaga wino wote. Makala yalisomeka kama taazia. Alimsifu Bi Kidawa kama anavyosifiwa mtu aliyekwisha zikwa.

Akasema, "Siwezi kumpa mama huyu karatasi inayomzika naye anapumua. Simamisheni. Naandika upya."

Mzamilu akasema, "Mwalimu, tutachelewa siku."

Hiza akasema, "Siku moja si kitu."

Akaandika upya, Mzamilu akabandua, akabandika. Siku moja ikaenda.

Hospitali Bi Kidawa akamwuliza kaka yake, "Limetoka?"

"Bado. Ijumaa bado."

Alhamisi ikatoka prufu ya jalada. Hapa nataka msikilize vizuri, maana hili ni kosa ambalo mimi na wewe tusingeweza kulifanya hata tukitaka. Linafanywa na mtu anayejua kazi. Wapanga kurasa wana desturi yao: sura ya jaladani hutazama upande jarida linapofunguliwa. Ikitazama huko, na mkono wa msomaji huenda huko huko, akafunua. Ikitazama mgongo wa jarida, pale kurasa zinapopigwa pini, wanasema, msomaji naye hugeuka akaenda zake. Na Bi Kidawa katika picha ile alikuwa ametazama mgongoni. Mzamilu akafanya nini? Akaipindua picha, ya kushoto ikawa ya kulia. Bi Kidawa akatazama panapostahili. Jalada likakaa sawa kama kanzu iliyopigwa pasi.

Prufu ikafika kwa Mwanahawa. Akaitazama, akatabasamu, kisha tabasamu likamkauka.

"Kaka Mzamilu, huyu si Mama Mkubwa."

"Si yeye vipi? Picha ni ile ile."

"Alama yake ya kuzaliwa. Ile nyeusi, ndogo kama punje ya ulezi. Iko shavu la kushoto. Hapa umeitia kulia."

Mzamilu akashika kichwa. Hiza akaitwa, akatazama, akasema labda watu hawataona. Mwanahawa akasema, "Watu hawataona. Yeye ataona. Hajawahi kujiona, mnataka mara ya kwanza aone mtu mwingine?"

Mzamilu akairudisha picha ilivyokuwa. Lakini picha iliyogeuzwa inataka kila kitu kigeuzwe. Jina la jarida lilikuwa limekaa juu ya ndoo, maandishi yalikuwa yamepita usoni. Akabandua vyote, akapanga upya, mabamba ya kuchapia yakatengenezwa upya. Bi Kidawa akatazama mgongoni, jalada la kwanza la Pazia kutazama huko. Siku ya pili ikaenda.

Ijumaa ikafika. Bi Kidawa aliomba asukwe nywele tangu asubuhi. Alijifunga kanga mpya. Adhuhuri ikapita. Alasiri, saa za kutazama wagonjwa, Mwanahawa akaingia, akaketi kitandani. Na mkobani mwake, imekunjwa mara mbili, mlikuwa na prufu mpya ya jalada, iliyo sahihi, ambayo alikuwa akiipeleka kwa Mzee Gulam. Ilikuwa nyeusi na nyeupe tu, lakini uso wote ulikuwemo, na alama shavu la kushoto.

"Limetoka?"

"Bado, Mama Mkubwa. Limechelewa kidogo."

"Ah." Bi Kidawa akamtazama. Akavuta pumzi. "Unanukia wino, mwanangu. Mkobani kuna nini?"

Mwanahawa akaushika mkoba. Akasema, "Karatasi za kazi tu, Mama Mkubwa."

"Haya," akasema Bi Kidawa. "Kazi ni kazi."

Wakakaa. Wakazungumza habari za bei ya unga na jirani aliyeoza binti. Kengele ikalia, Mwanahawa akaondoka na mkoba wake.

Usinikatize! Najua unachotaka kusema. Hata mimi nilitaka kusema hivyo hivyo mara ya kwanza niliposikia. Ngoja.

Jumamosi Mzee Gulam akawasha mashine. Njano ikapita, ikakauka vizuri. Akaleta nyekundu. Alipochapa nusu ya nakala, akachukua moja, akaweka kioo chake cha kukuzia jichoni, akazima mashine.

"Nyekundu imehama," akasema.

Hiza akatazama. "Imehama wapi, Mzee? Sioni."

"Imehama unywele mmoja. Tazama mdomo. Mdomo umetoka nje ya mdomo."

"Mzee Gulam, kwa jina la Mungu, hakuna atakayeliona hilo. Endelea."

Mzee Gulam alikuwa na miaka sabini na kitu, na alikuwa hajawahi kumkatalia Hiza neno. Siku ile akakataa. "Nimechapa nyuso za watu miaka arobaini. Ukihamisha nyekundu, mzima anaonekana mgonjwa. Huyu bibi ni mgonjwa kweli. Mimi nimchape ugonjwa wake juu ya jalada? Siwezi, bwana. Mkono wangu haufanyi."

Akazitupa karatasi zote, akasawazisha bamba, akaanza tena toka njano. Na ilikuwa siku ya mvua, wino ukakauka kwa kuringa. Siku ya tatu ikaenda.

Hospitali, Jumamosi: "Limetoka?" "Bado."

Jumapili: "Limetoka?" "Bado, dada. Kesho."

Jumapili ile jalada lilikuwa na njano, nyekundu na buluu, lakini nyeusi ilikuwa bado. Uso usio na nyeusi hauna mboni wala nyusi wala alama ya shavuni. Nyeusi ilichapwa Jumatatu alfajiri. Kurasa zikakunjwa, zikapigwa pini, zikakatwa kingo. Adhuhuri Hiza akachukua nakala ya juu kabisa, ingali na joto la mashine, akatoka mbio. Mtu mzima, mwenye tai, anakimbia barabarani, jarida kifuani, watu wakidhani ameibiwa.

Akafika wodini. Kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Bi Kidawa alikata roho saa tatu asubuhi. Saa tatu, jamani. Lingetoka jana yake, angeliona. Siku moja tu katika zile tatu ingetosha.

Walimzika jioni ile. Watu wa Ngamiani walinunua jarida lile kuliko toleo lolote kabla yake, wakalibandika madukani na vinyozini. Lilikuwa jalada zuri kuliko yote. Mama anageuka, ndoo mkononi, anatazama nyuma kama kuna mtu amemwita. Hakuna aliyegeuka akaenda zake. Na wale wanne kila wakiliona ukutani walitazama chini.

Matanga yalipokwisha, siku ya nne, mlango wa ofisi ya Pazia ukabishwa hodi. Akaingia Mzee Mbaruku, kaka wa marehemu. Huyu mzee alikuwa tarishi wa posta mpaka alipostaafu, na sifa yake ilijulikana mji mzima: barua ya mtu hakuwahi kuiacha kwa jirani. Kama hukuwepo, alirudi nayo, kesho akaja tena.

Wakamkaribisha kiti. Hakuketi. Akavua kofia.

"Nimekuja na amana," akasema. "Dada yangu alfajiri ya Jumatatu aliniuliza kama limetoka. Nikamwambia bado. Akaniambia, 'Kaka, huyo aliyenicheleweshea sura yangu, mwambie nimemsamehe, duniani na akhera. Asibebe mzigo huo. Mwambie yeye peke yake.' Nikamwuliza, ni nani huyo? Akasema, 'Mwenyewe anajijua.' Hakusema tena. Sasa nimekuja. Ni nani kati yenu?"

Mnafikiri nini? Mnafikiri walianza kusukumiana? Ndivyo tungefanya mimi na wewe. Kosa lina baba? Kosa siku zote ni yatima. Lakini lile kosa lilikuja limefungwa pamoja na msamaha, na wale watu walikuwa hawajalala siku nne.

Hiza akasimama. "Mzee wangu, salamu hizo ni zangu. Mimi ndiye niliyemwahidi Ijumaa. Hakuahidiwa na Mzamilu, hakuahidiwa na Mzee Gulam, aliahidiwa na mimi, macho kwa macho. Halafu mimi huyo huyo nikasema siku moja si kitu. Niliyafungulia mlango masiku, mengine yakaingia. Na ule mwiko wa kutomwonyesha mtu sura yake, ni nani aliyeuweka? Mimi. Kwa ajili ya mjinga mmoja mwenye kalamu nikamfungia mama yule mlango. Nipe msamaha wangu, Mzee."

Mzamilu akasema, "Mwalimu, kaa. Mzee Mbaruku, usimsikilize. Yeye alichelewesha kwa sababu ya heshima, hakutaka dada yako azikwe hai. Mimi nilichelewesha kwa sababu ya sifa. Nilitaka watu waseme, tazameni jalada la Mzamilu lilivyokaa. Nikashika uso wa mama wa watu nikaupindua kama kipande cha kitambaa ili ukae ninavyotaka mimi. Wote hawa walikuwa wakirekebisha. Mimi peke yangu niliharibu. Kosa la kweli humu ni moja, nalo ni langu. Nipe mimi."

Mzee Gulam alikuwa ameketi, mikono yake myeusi kwa wino imelala mapajani. Akasema polepole, "Mbaruku, ndugu yangu, tumejuana tangu umeanza kuniletea barua. Hawa vijana walichelewa wakati siku bado zipo. Mtu akipoteza siku ya Jumanne, anajua Ijumaa iko mbele. Mimi nilipozima mashine, Ijumaa ilikwisha pita. Nilijua. Hiza akanisihi kwa jina la Mungu niendelee, nikakataa, kwa sababu ya unywele mmoja. Dada yako macho yake yalikuwa yamechoka, angeuona unywele ule? Asingeuona. Niliuona mimi, basi nikajichapia mimi. Siku yangu ndiyo iliyomkosesha. Msamaha huo niachie, maana mimi nina umri, sina muda wa kuutafuta pengine."

Akabaki Mwanahawa. Alikuwa amesimama karibu na dirisha, hakuwa analia. Machozi yalikuwa yamekwisha.

"Mjomba," akasema, "hawa wote walikuwa kazini, hawakumwona. Mimi nilimwona. Niliketi naye Ijumaa, sura yake iko mapajani pangu, umbali wa zipu ya mkoba. Akaniuliza kwa mdomo wake, mkobani kuna nini, nikamwambia karatasi za kazi. Nilijiambia mwiko ni mwiko. Nilijiambia pia, ngoja alione jarida zima, la rangi, si karatasi iliyokunjwa. Nilitaka kuona uso wake akiliona. Ni mimi niliyetaka. Na siku ya Alhamisi, nani aliyesema alama iko shavu silo? Ningenyamaza, jarida lingetoka Jumapili. Nilisema pasipostahili kusema, nikanyamaza pasipostahili kunyamaza. Wao walimnyima siku. Mimi nilimnyima sura yenyewe."

Mzamilu akaruka. "Ulisema kweli juu ya alama! Ungenyamaza angeona mtu mwingine!"

Hiza akasema, "Na ulitii mwiko wangu. Anayetii hana kosa, mwenye kosa ni aliyeamuru."

Mwanahawa akamgeukia. "Mwalimu, ungekuwa wewe umeketi pale, naye anakuuliza, ungetii?"

Hiza akaketi.

Mzee Gulam akasema, "Mbaruku, tugawie wote. Tuko wanne, kila mmoja achukue robo yake, tulale."

Mzee Mbaruku akatikisa kichwa. "Hapana. Alisema yeye peke yake. Barua ya rejista haichanwi vipande vinne. Nikimpa asiye mwenyewe, mwenyewe atabaki na mzigo mpaka kufa, na dada yangu atakuwa amesema bure." Akawatazama mmoja mmoja. Alipofika kwa Mwanahawa, akauliza, "Ulipomwambia ni karatasi za kazi, alikujibu nini?"

"Alisema, kazi ni kazi."

"Alikuwa amekasirika?"

"Hapana, Mjomba. Alinishika mkono."

"Alijua?"

"Sijui, Mjomba. Ndilo linaloniua. Sijui."

Mzee Mbaruku akaketi sasa, kwenye benchi la wageni, kofia yake magotini. "Barua ikikosa mwenyewe," akasema, "tarishi huandika nyuma yake, hajulikani, ikarudishwa kwa aliyeituma. Nyie mmenipa wenyewe wanne. Na aliyeituma tumemzika Jumatatu. Niipeleke wapi?"

Nje mvua ilikuwa inanyesha, na Mzee Gulam, kwa mazoea tu, akainuka kwenda kufunika karatasi zake, akakumbuka hakuna zinazokauka leo, akaketi tena.

Haya. Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Msiniambie ni kosa la wote, hayo ni maneno ya mtu anayetaka kwenda kulala. Bi Kidawa alimjua mmoja, au alidhani yupo mmoja, na maneno yake ya mwisho katika dunia hii aliyatoa kwa huyo. Mzee Mbaruku bado ameketi benchini, mdomo umeshika amana. Mbele yake wapo wanne: aliyeahidi akasema siku moja si kitu, aliyeupindua uso ili ukae vizuri, aliyezima mashine kwa ajili ya unywele mmoja, na aliyeulizwa mkobani kuna nini. Kila mmoja amenyoosha mkono.

Ungekuwa wewe ndiye Mzee Mbaruku, msamaha ule ungeuweka katika mkono wa nani?